Rangi ni ya Dole Gumba

Sajini aliiweka chupa mezani kwa fahari, kama mtu aliyeshinda kombe.

"Hii hapa, afande. Ilikuwa nyuma ya kopo la majani ya chai. Unga mweupe. Mama wa chai tumemshika na kidhibiti chake."

Inspekta hakuigusa. Kituoni walimpa jina la Chekeche, kwa kuwa kesi ikishapita mikononi mwake punje hubaki peke yake, na makapi kila mtu huyaona. Makapi hayo, mara nyingi, yalikuwa kazi ya Sajini.

"Saa ngapi sasa?"

"Saba na nusu."

"Anasomewa shtaka saa ngapi?"

"Saa tisa kamili. Kujaribu kuua. Akishasomewa tu, dhamana hakuna. Moja kwa moja gerezani."

Inspekta alivuta kiti cha plastiki akaketi. Walikuwa kwenye kona ya chai ya karakana ya kujalidi vitabu, chumba chembamba chenye jiko la umeme, beseni la kuoshea vyombo na vikombe vilivyopangwa kwa ukubwa. Aliyevipanga alikuwa mahabusu tangu saa tano asubuhi. Wote hapo walimwita Bi Birika. Alikuwa mjane wa miaka sitini na moja, na kwa miaka kumi na minne aliwachemshia chai mafundi hawa. Mwenye karakana, Mzee Jalada, alikuwa shemeji yake, maana alimwoa dada yake. Saa nne asubuhi Mzee alikunywa chai ya Bi Birika ofisini. Kufika saa nne na robo alikuwa ameshika kifua, anatetemeka mikono yote miwili, jasho linamtiririka. Sasa alikuwa hospitali, amechomekwa nyaya kifuani.

"Nitajie tena ulichonacho," alisema Inspekta.

Sajini alihesabu kwa vidole. "Moja, waligombana asubuhi. Mzee alimtaka astaafu, akapumzike. Yeye akamjibu mbele ya mafundi, 'Siku moja utaikumbuka chai yangu.' Mbili, gari la wagonjwa halijaondoka, yeye kikombe ameshakiosha. Tatu, unga huu."

"Chemsha maji."

"Afande?"

"Si una birika hapo? Chemsha."

Maji yalipochemka, Inspekta alimimina kijiko cha unga kwenye kisosi, akaongeza maji moto, akakoroga. Unga ulivimba, ukashikana, ukawa uji mzito unaong'aa. Alichovya ncha ya karatasi, akaibandika kwenye ubao wa meza. Ikaganda.

"Ni unga wa ngano, Sajini. Ndio gundi yao. Hapa utaupata kila rafu."

Sajini aliitazama ile karatasi iliyoganda mezani. Alijaribu kuibandua, ikachanika.

"Hata hivyo kikombe alikiosha," alisema.

"Na hivi vingine vyote nani kaviosha? Mwanamke aliyeosha vikombe miaka kumi na minne, leo angeacha kimoja kichafu ndiyo ningemshuku."

Walitoka kwenda ukumbini. Mafundi watano walikuwa wamesimama kando ya meza zao, hawana kazi waliyokuwa wakifanya wala hawana ujasiri wa kukaa. Inspekta alimpa kila mmoja mkono. Mikono ya watu hao ilikuwa migumu, na karibu kila mmoja alikuwa na kidole kimoja au viwili vilivyofungwa plasta. Wa mwisho alikuwa Msimamizi, mpwa wake Mzee Jalada, mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, shati limechomekwa vizuri. Yeye hakutoa kiganja. Alinyoosha kifundo cha mkono.

"Samahani afande, nina gundi mkononi."

Inspekta alikishika kifundo. Meza yake ilikuwa kavu, na sufuria ya gundi ilikuwa na ngozi ya tangu asubuhi.

"Nieleze ilivyokuwa. Taratibu, usiruke kitu."

"Saa nne mafundi hutoka uani kunywa chai. Mjomba hunywa ofisini. Mimi nilikuwa naye, tunapanga kazi ya daftari za mahakama. Mama akaleta chai, akaweka, akatoka. Mjomba akapiga funda mbili tatu huku anaongea. Mara akaanza kukohoa. Kikohozi kikali, afande. Uso ukawa mwekundu, machozi yanamtoka, anajishika koo, anajikuna shingo."

"Halafu?"

"Halafu akaanza kutetemeka."

"Kati ya kukohoa na kutetemeka zilipita dakika ngapi?"

Msimamizi alilamba midomo. "Kama tano hivi."

"Dakika tano ulifanya nini?"

"Nilimpiga mgongoni. Nikaita watu."

"Uliita watu kabla hajaanza kutetemeka, au baada?"

"Sikumbuki, afande. Mtu ukichanganyikiwa, saa haihesabiki."

Mmoja wa mafundi, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, alikohoa kwa adabu. "Sisi tulimsikia anaita Mzee ameshaanza kutetemeka."

Inspekta aliandika. Kisha akaokota mezani kijiti kifupi chenye ncha ya chuma, mpini wake umepakwa rangi ya chungwa nyuma kabisa. "Hiki nini?"

"Kitoboleo," alisema yule mzee, akafurahi kuulizwa jambo analolijua. "Cha kutobolea karatasi kabla ya kushona. Mzee Jalada alipaka rangi vyote mwenyewe, zamani, fundi mmoja alipojitoboa kiganja. Kila anayeingia hapa siku ya kwanza huambiwa: rangi ni ya dole gumba. Dole gumba juu ya rangi, sukuma. Usiku wa manane ukiniamsha nitakishika hivyo hivyo."

Alionyesha. Ngumi imefungwa, dole gumba limekaa juu ya rangi, ncha imetazama chini. Inspekta alijaribu, akakosea, mafundi wakacheka kidogo kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Bi Birika naye anajua kukitumia?"

"Huyo! Hashiki hata sindano ya kifungo. Anasema vyenye ncha na yeye mbalimbali."

Ofisi ya Mzee ilikuwa mwisho wa ukumbi. Mlangoni kulikuwa na tangazo lililoandikwa kwa wino, herufi nzuri za mtu aliyezoea kuandika migongo ya vitabu: *Mjukuu ana mzio wa nyuki. Sindano zake ziko droo ya juu.* Inspekta alilisoma mara mbili. Alitoa simu akampigia daktari wa zamu.

"Daktari, mgonjwa wangu vipi?"

"Amelala, tumempa dawa ya kumtuliza. Moyo unaanza kushika mwendo wake, lakini alitutisha. Alifika hapa presha mia mbili na kumi kwa mia na ishirini, mapigo mia na hamsini. Mzee wa miaka sabini, mishipa ya moyo imeziba nusu, unadhani ni mchezo?"

"Na sumu?"

"Vipimo vyote tulivyo navyo havionyeshi chochote."

"Alikuwa na vipele? Kuvimba midomo, koo?"

"Hata kimoja. Kwa nini?"

"Mtu mwenye mzio mkali presha yake huwaje?"

"Huanguka. Ndiyo inayoua." Karatasi zilisikika zikipekuliwa. "Yake ilipanda. Unataka kusema nini, Inspekta?"

"Mtazame mapajani, hapo zinapodungwa sindano za mzio, tafadhali. Nisubiri kwenye simu."

Zilipita dakika mbili. Sajini alitazama saa ya ukutani, akatazama bosi wake, akarudi kwenye saa. Saa nane kasoro tano.

"Paja la kulia, upande wa nje," alisema daktari, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Tundu moja dogo lenye doa la damu. Muuguzi alidhani mdudu."

"Moja tu? Tafuta vizuri."

"Tumemgeuza pande zote. Moja tu."

Inspekta alishukuru, akavuta droo ya juu. Kulikuwa na kasha la bati lenye picha ya nyuki iliyochorwa na mtoto. Kifuniko kilikuwa hakikufunga vizuri, kimenyanyuka upande mmoja, na kasha lote lilizungushiwa uzi wa kitani uliopakwa nta. Uzi wa kushonea vitabu. Alivaa glavu, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Sajini, fundo hili unalionaje?"

"Fundo la kawaida tu, afande."

"Nenda ulete kitabu chochote hapo nje, kisichofunikwa mgongo."

Sajini alileta. Mgongoni mwa kitabu mafundo yalikuwa yamejipanga, madogo, yamekazwa hadi yamezama. La kasha lilikuwa la aina hiyo hiyo, mzunguko ule ule, ila lilikuwa limelegea kama kamba ya kiatu cha mtoto.

"Fundi kalifunga," alisema Sajini polepole. "Lakini fundi gani huyu, fundo linaning'inia?"

"Fundi ambaye dole lake halisikii uzi."

Aliukata uzi pembeni ya fundo ili fundo libaki zima, akafungua. Kulikuwa na sindano mbili za mzio, zile nene kama kalamu ya kupigia mstari, ambazo hata asiye daktari huweza kumdunga mgonjwa. Kila moja ilikuwa na ncha ya rangi ya chungwa. Ncha hizo zilikuwa zimechomoza na kujifunga, ndiyo maana kifuniko kilikataa kushuka. Vidirisha vyake vya dawa vilikuwa vyeusi.

"Zote mbili zimetumika!" Sajini alipiga kiganja. "Basi mama kamdunga mara mbili! Alitaka ammalize."

"Paja lina tundu moja."

Sajini aliziinamia tena sindano zile mbili.

"Sasa hiyo nyingine ilimwingia nani?" aliuliza Inspekta. "Rangi ya chungwa kwenye sindano hizi ni upande inakotokea sindano yenyewe. Mtu yeyote anayesoma maandishi ya ubavuni atajua. Lakini mtu aliyefundishwa hapa, akiwa na haraka, akiwa na hofu, mkono wake hausomi. Ataweka dole gumba wapi?"

"Juu ya rangi," alisema Sajini. Ghafla akalitazama dole lake mwenyewe.

"Bi Birika ulimchukua alama za vidole?"

"Ndiyo, asubuhi hii hii. Vyote kumi. Kazi safi kabisa, afande, hakuna hata kimoja kilichochafuka."

"Vidole gumba vilikuwaje?"

Sajini alifikiri kwa uaminifu, na uaminifu huo ulimuuma waziwazi. "Vizima. Vya moto. Havina hata mkwaruzo."

"Karatasi yako hiyo ndiyo itakayomtoa. Niitie Msimamizi. Na wewe simama mlangoni, usiseme neno."

Kabla Msimamizi hajaingia, Inspekta alifunika kasha, akalizungushia uzi mwingine na kulikaza. Lilipoonekana kama lilivyokuwa, aliliweka juu ya meza kati yao. Msimamizi alikaa, mkono wa kulia ameuficha chini ya meza.

"Sitakuweka sana," alisema Inspekta. "Tumemaliza hapa. Kuna jambo moja tu. Nimesoma tangazo mlangoni. Mjukuu anatoka shule saa ngapi?"

"Saa tisa. Hupitia hapa."

"Leo hapa patafungwa. Sajini, chukua kasha hili umpelekee mtoto shuleni. Kuna maua kila mahali njiani, nyuki hawana habari kama polisi wana kazi. Asikae bila sindano zake."

Sajini alinyoosha mkono.

"Asipewe hilo," alisema Msimamizi.

"Kwa nini? Si lake?"

"Asipewe, afande. Akinunuliwa jipya... mimi nitanunua jipya. Nilikuwa nakwenda kununua leo, kabla hajatoka."

"Hili lina nini?"

Msimamizi alilitazama kasha, na ile picha ya nyuki. Macho yalimjaa machozi.

"Ni tupu," alisema.

"Limefungwa. Umejuaje kuwa ni tupu?"

Inspekta aliinuka, akazunguka meza, akamwomba mkono. Akautoa. Plasta ilipobanduliwa, dole gumba lilikuwa jeupe kama mshumaa, la baridi, na katikati ya nyama yake palikuwa na kitone kimoja cheusi. Inspekta alilibonyeza.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu tangu asubuhi."

"Haya. Sema."

Alisema yote bila kuvuta pumzi. Mwaka jana alimwona mjukuu akiumwa na nyuki: alikohoa, akawa mwekundu, akajishika koo. Nesi aliwaambia wote siku ile kwamba kuchelewa ndiko kunakoua. Leo alipomwona Mjomba anakohoa vile vile, hakungoja. Sindano ya kwanza aliishika kama kitoboleo, ikamlipukia doleni. Ya pili akaigeuza, akamdunga Mjomba pajani. Na hapo, badala ya kupona, Mjomba ndipo akaanza kutetemeka na kushika kifua.

"Nikajua nimemuua. Nikarudisha sindano kwenye kasha. Kifuniko kikakataa, nikafunga uzi. Polisi walipofika wakasema sumu. Mimi nikanyamaza."

"Wakamchukua mama."

"Wakamchukua."

"Akiwa anapita hapo mlangoni, alikutazama?"

Msimamizi alifunika uso kwa mkono mzima. "Aliniambia, 'Mwanangu, zima jiko, nimeacha maji.'"

Mlangoni Sajini aligeukia ukuta. Inspekta hakumwonea huruma mtu kwa wakati huo, alikuwa na hasira na saa inakwenda.

"Nisikilize. Kumdunga lilikuwa kosa la haraka na la mapenzi, na sheria italipima hivyo. Kunyamaza ni kosa jingine, na hilo ulilirudia kila dakika tangu saa nne. Utaandika maelezo yako kwa mkono wa kushoto ukitaka, lakini utaandika sasa hivi. Halafu unakwenda hospitali, hilo dole lisije likakatwa. Sajini!"

"Afande!"

"Mpigie mwendesha mashtaka. Shtaka la mama linaondolewa. Mwambie tuna maelezo, tuna sindano mbili, tuna fundo, na tuna alama za vidole ulizochukua kwa usafi wa ajabu."

Sajini alipiga simu amesimama wima, kama anayepigiwa saluti. Alieleza kwa sauti kubwa hata mafundi wakasogea kusikiliza. Aliposema "aachiwe mara moja," yule mzee wa miwani ya uzi alitupa kofia juu ikanasa kwenye feni, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi na nane.

Jioni ile, kabla jua halijazama, walikutana wote hospitali. Mzee Jalada alikuwa ameketi kitandani, nyaya kifuani, lakini rangi imemrudi. Nje ya pazia, kwenye benchi, Msimamizi alikuwa ametumbukiza mkono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Daktari alikuwa amempaka dawa ya kutanua mishipa, na dole lilikuwa limeanza kupata wekundu na maumivu. Maumivu hayo, daktari alisema, yalikuwa habari njema.

"Niambie kitaalamu," Inspekta alimwomba daktari, kalamu mkononi.

"Andika hivi. Kwa mwenye mzio mkali, sindano ile ni mkombozi, mdungeni wala msingoje. Kwa asiye nao, humkimbiza moyo bure. Kijana mzima atatetemeka, kichwa kitamgonga, yatapita. Moyo mchovu ni punda mzee, ukimcharaza mijeledi aende mbio anaweza kukuangukia njiani. Na doleni hufunga mishipa ya damu. Ndiyo maana watu wajifunze dalili na kuishika kabla ya siku ya hofu."

"Alikuwa na nini hasa, yule Mzee?"

Mzee mwenyewe ndiye aliyejibu kutoka nyuma ya pazia. "Nilipaliwa! Chai iliniingia njia siyo. Nikawa nataka kumwambia huyu mpwa wangu, lakini nani aongee na chai kooni?"

Mlango ulifunguliwa, Bi Birika akaingia. Alikuwa na kanga zake zile zile za asubuhi na vidole vyake kumi vyeusi kwa wino. Sajini alimfuata nyuma amembebea mkoba. Mkononi alikuwa na kasha jipya la sindano. Alitaka kulipeleka kwa mtoto yeye mwenyewe, na alikuwa ameshasoma maandishi yake yote mara tatu.

"Shemeji," alisema Mzee. "Nisamehe."

"Miaka kumi na minne nakwambia usinywe chai huku unaongea."

"Na asubuhi nilikwambia ustaafu."

"Ulisema. Na mimi nilikwambia utaikumbuka chai yangu. Umeikumbuka?"

Mzee alicheka hadi mashine ikalia, daktari akaja mbio. Bi Birika alikuwa ameshamfikia Msimamizi. Yule mtu mrefu alishuka benchini akapiga magoti na beseni lake, maji yakamwagika. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akachovya kidole kimoja chenye wino ndani ya beseni.

"Maji haya yamepoa," alisema. "Nani anachemsha maji hospitali hii?"

Alikwenda, akarudi na birika, akamimina polepole huku akipima kwa kiwiko, hadi Msimamizi alipotikisa kichwa kwamba inatosha. Hapo ndipo alipojifuta mikono, akageuka, akamnyooshea Sajini vidole vyote kumi.

"Wewe uliyenipaka," alisema, "njoo unitoe."

Sajini alimtazama Inspekta. Inspekta alikuwa anaandika, ameinamisha kichwa kuficha kicheko. Hapakuwa na msaada. Sajini alikunja mikono ya shati, akaomba sabuni, akaanza na dole gumba.